Ulinzi au vipaji? South Carolina ya 2024 na UConn ya 2025, ipi ilikaba vizuri zaidi?

Gadi_wa_Kwale:
Habari zenu wapenzi wa kikapu. Tangu Jumamosi mazoezini tunabishana na hatujamalizana, kwa hiyo nauleta ubishi hapa, kwa watu wanaokaa wakatazama mechi kuanzia mpira wa kwanza hadi kengele ya mwisho.

Naweka mezani mabingwa wawili wa kikapu cha wanawake cha vyuo vikuu vya Marekani. Wa kwanza ni South Carolina ya kocha Dawn Staley, msimu wa 2023/24: mechi 38, ushindi 38, na kwenye fainali ya Cleveland wakawafunga Iowa 87-75. Wa pili ni UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, ya kocha Geno Auriemma, msimu wa 2024/25: walishinda 37 wakapoteza tatu, na kwenye fainali ya Tampa wakawachapa haohao South Carolina 82-59. Ipi ilikuwa na ulinzi bora? Halafu, ubingwa wa UConn ulitokana na ulinzi, au ni vipaji vya Paige Bueckers, Azzi Fudd na Sarah Strong kukutana kwenye kikosi kimoja?

Mimi niko na South Carolina, na hoja yangu inatoka kwenye ile fainali ya Cleveland. Kwa saa zetu ilianza saa nne usiku. Iowa wakafungua 10-0. Nyota wao Caitlin Clark peke yake akafunga 18 robo ya kwanza. Kocha mwingine angevuruga mpango wote hapo. Staley hakuvuruga. Robo tatu zilizobaki Clark akapata 12 tu.

Kazi hiyo aliifanya zaidi gadi wao Raven Johnson. Mkiirudia mechi, msiufuate mpira, mtazameni yeye miguuni. Kiuno kiko chini, hatua fupifupi, harukii mpira ovyo. Clark akiwekewa skrini, yaani mwenzake akisimama kumzibia mlinzi njia, Raven anajipenyeza katikati ya skrini na Clark, anamfuata mgongoni mpaka yule anayeweka skrini anakosa maana. Kisha sekunde za mwisho kabla ya mapumziko akampokonya Clark mpira katikati ya uwanja, akaenda kuweka peke yake, 49-46. Mimi nilisimama kitini. Pale ndipo fainali ilipogeuka.

Na nyuma ya Raven kulikuwa na benchi. Wachezaji wa akiba wa South Carolina walifunga 37. Wa Iowa, sifuri. Anayekaba akichoka anatoka, anaingia mwingine mwenye pumzi mpya. UConn hawakuwa na hazina hiyo.

Yaya_wa_Iowa_City:
Ndugu Gadi, nakusoma kutoka Iowa City. Sisi Wakongomani tuko wengi mji huu, na ile miaka miwili ya Clark hata mama zetu ambao hawajawahi kushika mpira walikuwa wanajua ratiba. Oktoba 2023 walipocheza na DePaul nje, kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa Kinnick, tulikuwa watu 55,646. Niliwabeba wanangu wawili na bado kulikuwa na foleni ya kuingia. Kwa hiyo ukinigusa Clark unanigusa nyumbani, nitasema yangu.

Umesema Raven alimzima. Clark alimaliza na pointi 30. Kama huko ni kuzimwa, wako wachezaji wangapi wanaoomba kuzimwa hivyo?

Tuangalie mechi iliyotangulia, nusu fainali dhidi ya UConn. Nika Mühl wa UConn alimkaba Clark kuliko mtu yeyote niliyemuona msimu ule. Kipindi chote cha kwanza Clark alikuwa na pointi 6. Alimaliza na 21. Nani alishinda? Iowa, 71-69. Kwa sababu macho yote yalikuwa kwa Clark, namba 22, na mwenzake Hannah Stuelke akawa anapokea mpira chini ya ringi akiwa huru, akafunga 23. Mühl alifanya kazi yake kwa asilimia mia na akaenda nyumbani.

Twende nyuma mwaka mmoja. Nusu fainali ya 2023, Dallas. South Carolina wako 36-0, wana Aliyah Boston. Iowa kila mtu anawasema hawajui kukaba, na kweli msimu mzima walikuwa wanafungwa pointi nyingi. Kocha wa Iowa, Lisa Bluder, akaamua jambo moja: tunajaza watu ndani, tunamzunguka Boston, na gadi asiyejulikana kwa kurusha tunamwacha. Yule gadi alikuwa Raven Johnson. Clark akampungia mkono kama kusema rusha tu. Boston alipata pointi 8. Iowa 77, South Carolina 73, Clark 41.

Kwa hiyo naona hivi: ulinzi ni kuchagua utakubali kuumizwa na nani. Hauwezi kuziba kila tundu. Ukiwa na wachezaji wa ubora mkubwa, mpinzani hana tundu salama la kuacha wazi. Ndiyo maana naanza na vipaji. UConn ya 2025 ungemwacha nani?

Gadi_wa_Kwale:
Yaya, hapo kwa Mühl na Stuelke umenipata, sikatai. Lakini ulivyoisimulia Dallas umeisaidia hoja yangu. Raven alisema mwenyewe hadharani kwamba ile video ya Clark akimpungia mkono ilimuumiza, watu waliicheka mtandaoni miezi. Kikosi kizima cha kwanza cha 2023 kiliondoka, wote watano. Mwaka uliofuata wanarudi na sura mpya na hawafungwi hata mechi moja. Kama vipaji ndivyo vinaanza, timu ile ilitakiwa kushuka. Kilichobaki Columbia, mji wa South Carolina, baada ya Boston kuondoka ni namna ya kukaba.

Kijana_wa_Ilala:
Kilichobaki ni Kamilla Cardoso wa futi 6 na inchi 7! Pointi 15 na ribaundi 17, yaani mipira iliyokosa ringi akaidaka, kwenye fainali. Mtu mrefu vile amesimama chini ya ringi, hata mimi ningekaba vizuri huku nje, najua nikipitwa kuna ukuta nyuma.

Mwl_Neema_Mza:
Kijana, umelisema kwa haraka lakini kuna kitu hapo. Anayekaba mbele anakuwa jasiri kwa sababu ya aliye nyuma. Hilo nalifundisha kila mwaka.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Mwanza, naandaa mabinti kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Mpira wetu tunauchezea kwenye sakafu ya saruji, na mwanafunzi akianguka magoti yanachubuka, kwa hiyo hakuna anayependa kujirusha chini. Mwezi wa kwanza siwapi mpira kabisa kwenye nusu saa ya mwanzo. Wanakaa mkao wa ulinzi, magoti yamekunjwa, mikono imefunguliwa, wanateleza kutoka mstari mpaka mstari bila kuvusha mguu. Wanaumia mapaja, wananuna. Jioni wananionesha kwenye simu wasichana wa Marekani wanavyorusha kutoka mbali. Hakuna hata siku moja nimeoneshwa mtu anateleza.

Nawauliza wanangu, na sasa nawauliza ninyi: kwa nini tunatenganisha ulinzi na kipaji? Kumuona mwenzako anapitwa na kuhama hatua mbili kabla hajapitwa, hicho si kipaji? Azzi Fudd wote wanamjua kwa ule mkono wa kurusha. Fainali ya Tampa alifunga 24 na akachaguliwa mchezaji bora wa hatua ile ya mwisho. Mimi niliyemtazama kwa macho ya mwalimu niliona mtu anayekaa kwenye njia ya pasi, anayejua mpira unakwenda wapi. Sarah Strong alikuwa mwaka wake wa kwanza chuoni, pointi 24 na ribaundi 15 fainali. Ribaundi 15 hazidondoki mfukoni. Ribaundi ndiyo hatua ya mwisho ya kukaba, mpira usiporudi mkononi mwako hujamaliza.

Na nusu fainali yao tusiiruke. UCLA ndio walikuwa wamepangwa namba moja ya mashindano yote, wana Lauren Betts, binti mrefu kweli. UConn 85, UCLA 51. Betts alipata pointi zake 26, maana yake wenzake wote kwa pamoja walipata 25. Yaya wa Iowa City, si ndiyo unayosema, kuchagua nani akuumize? Walimwachia Betts yake, wakawafungia njia wengine. Kati alikuwa anaanza Jana El Alfy, Mmisri, mwenzetu wa Afrika, na hakuna aliyemtaja hapa mpaka sasa.

Kwa hiyo kura yangu ni UConn, na ni kwa ulinzi.

Karatasi_ya_Mechi:
Nimefuatilia karatasi za matokeo, niongeze moja ambayo naona ndiyo kipimo cha haki kuliko kulinganisha fainali mbili tofauti.

UConn na South Carolina walikutana mara mbili msimu wa 2024/25. Tarehe 16 Februari, Columbia, UConn walishinda 87-58. South Carolina walikuwa hawajafungwa nyumbani mechi 71 mfululizo. Kisha fainali, 82-59. Pointi 58 na 59, wiki saba katikati, kocha mwenye akili kama Staley akiwa amepata muda wote huo wa kutafuta dawa. Mara moja unaweza kusema siku mbaya. Mara mbili, na tofauti ya pointi moja tu, hapana.

Sasa mtu atasema South Carolina ya 2025 haikuwa na mfungaji, ingefungwa na yeyote. Kwenye fainali hakuna aliyevuka pointi 10, Joyce Edwards na Tessa Johnson ndio waliofika hapo. Lakini siku mbili kabla, nusu fainali, walikuwa na Texas ya Vic Schaefer. Schaefer ni kocha wa ulinzi tangu enzi zake Mississippi State, ndiye aliyevunja mfululizo wa UConn wa ushindi 111 mwaka 2017. Dhidi ya Texas hiyo South Carolina wakapata 74. Kwa hiyo mkono wa kufunga ulikuwepo. UConn ndio waliouzima.

Upande wa pili, ili nisiwe wa timu moja: South Carolina ya 2024 waliwashikilia NC State kwenye 59 nusu fainali, na Ashlyn Watkins akakusanya ribaundi 20 peke yake. Fainali ribaundi zilikuwa 51 kwa 29. Ulinzi wao ulijengwa hapo, kumnyima mpinzani nafasi ya pili na wao kujipa nafasi ya pili. Ni aina nyingine kabisa ya ulinzi. UConn walikunyima mtupo wa kwanza. South Carolina walikuachia urushe, kisha mpira haurudi kwako tena.

Mkazi_803:
Karatasi, nilikuwa ukumbini tarehe 16 Februari. Naishi hapa Columbia mwaka wa tisa, nafanya kazi hospitali, na nilibadilishana zamu na mwenzangu nipate ile mechi. Mnaoangalia kwenye simu hamwezi kujua ukumbi ule unavyokuwa. Watu wanaimba kabla timu haijatoka. Siku ile kelele zilianza kupungua mapema sana, na baadaye nilikuwa nasikia viatu vya wachezaji vinavyolia sakafuni, kitu ambacho sijawahi kusikia mle ndani. Azzi Fudd alifunga 28 na kila moja ilikuwa kama kisu, lakini si hiyo iliyoniuma. Kilichoniuma ni upande wetu wa kushambulia. Mpira unapigwa pasi, mtu yupo. Unarudi, mtu yupo. Saa ya kurusha inakwisha na binti wetu amebaki na mpira mkononi anatafuta wa kumpa.

Mimi ni wa South Carolina na nitakufa nayo. Gadi ana haki kuhusu timu ya 2024, ilikuwa timu ya kukaba dakika 40 bila kupumua. Lakini nililoliona kwa macho yangu siku ile lilikuwa zaidi.

Halafu nikwambieni, mnaongelea haya yote na hamjamtaja Madina Okot! Binti wa Kenya, alikuwa anacheza ligi yenu ya nyumbani na Zetech, akaja Mississippi State msimu wa 2024/25, akawa na zaidi ya pointi 11 na karibu ribaundi 10 kwa mechi, mwaka wake wa kwanza nchi hii. Aprili 2025 akahamia kwetu. Siku habari ilipotoka nilipiga simu kwa dada yangu Kisumu saa nane usiku kwao. Akaniuliza nani amekufa.

Gadi_wa_Kwale:
Mkazi, Madina tunamjua vizuri sana huku, usitie shaka! Huyo ni mfano hai wa anachosema Mwalimu Neema. Kilichomfungulia mlango ni mikono na nafasi: anamweka mpinzani mgongoni kwanza, ndipo anautafuta mpira. Wengi wenye urefu wake wanaruka tu.

Kijana_wa_Ilala:
Nimerudi na mtu wa kumaliza ubishi wa ulinzi dhidi ya vipaji. Hannah Hidalgo wa Notre Dame, futi 5 na inchi 6 tu. Novemba 2025 dhidi ya Akron alifunga 44 na akapokonya mipira 16. Kumi na sita! Rekodi ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, kwa mechi moja. Sasa huyo utamuweka kikapu gani, cha wakabaji au cha wafungaji?

Yaya_wa_Iowa_City:
Huyo namkubali bila masharti. Lakini kijana, angalia hatari yake. Anayewinda mpira kila wakati siku nyingine anaukosa, na akiukosa wenzake wanabaki wanne kwa watano. Akron si South Carolina. Raven kama anavyosema Gadi harukii mpira ovyo, ndiyo maana alidumu na Clark robo tatu bila kuharibu mpangilio wa nyuma.

Na jambo jingine linalosahaulika: tangu msimu wa 2021/22 mstari wa pointi tatu wa wanawake vyuoni ulisogezwa mpaka mita 6.75. Zamani mlinzi mrefu alikaa ndani na bado akafika kumsumbua mrushaji. Sasa umbali umeongezeka, na mtu kama Clark alikuwa anarusha mita mbili nyuma ya hapo. Eneo la kukaba limekuwa pana. Timu yenye walinzi wawili wazuri na watatu wazito haiwezi tena. Lazima wote watano wawe na miguu. Kwa hapo narudi nyuma kidogo kwenye msimamo wangu: ubora wa mchezaji siku hizi lazima uhesabiwe na miguu pia, si mkono tu.

Mwl_Neema_Mza:
Asante Yaya. Hilo la watano wote wenye miguu nitalibandika ukutani darasani.

Gadi, swali langu kwako ni moja. Ungekuwa na South Carolina ya 2024 na UConn ya 2025 uwanjani usiku mmoja, Raven ungemwekea nani? Bueckers, Fudd au Strong?

Gadi_wa_Kwale:
Mwalimu, umeniuliza swali ambalo nimelikwepa tangu mwanzo. Nimekaa nalo jana usiku wote.

Raven ningemweka kwa Fudd. Bueckers anapenda kuwatengenezea wenzake nafasi, ukimnyima mtu wa kumpigia pasi anapunguza kasi mwenyewe, na Bree Hall ana urefu wa kumsumbua. Strong ningemwachia Watkins. Cardoso abaki karibu na ringi kama ukuta. Kwenye karatasi inakaa. Lakini nikageuza upande: UConn wangemwacha nani wa South Carolina? Na jibu likanijia palepale, Raven. Kama Iowa walivyofanya Dallas. Fainali ya Cleveland Raven alikaba kama simba, ila pointi zake zilikuwa chache sana. Iowa hawakuwa na ribaundi wala benchi la kumtoza kwa hilo. UConn ya Strong wangemtoza.

Kwa hiyo nabadilisha kura yangu nusu. Kwa msimu mzima, mechi 38, usiku baada ya usiku, South Carolina ya 2024 ndiyo ilikaba vizuri zaidi, hapo sisogei. Kwa mwezi wa mwisho, nusu fainali na fainali, sijaona kitu kama UConn ya 2025. UCLA 51, South Carolina 59.

Jumamosi nawarushia mabinti wangu robo ya pili ya Cleveland na robo ya tatu ya Tampa, bila sauti, na kila mmoja apewe mchezaji mmoja wa kumfuata akiwa hana mpira. Karatasi, ukinitafutia mahali Strong alipochukua zile ribaundi 15, upande wa kukaba ngapi na wa kushambulia ngapi, nitashukuru.

Karatasi_ya_Mechi:
Nitairudia mechi yote leo usiku, nikuhesabie moja moja kwa mkono. Kesho asubuhi utazikuta hapa.